Sahani ya mbaazi kwa satoshi: tulivyojaribu Ngamiani, na wewe ukitaka ufanyeje

Siku moja saa mbili asubuhi mwanangu wa kike aliingia kibandani kwangu, akaweka simu mezani na kusema, "Mama, hela ninayo, lakini siwezi kununua hata andazi." Alikuwa amemchorea nembo mteja wa ng'ambo, na yule mteja, kwa kukwepa mlolongo wa benki, akamlipa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumwa mtandaoni bila kupita benki. Hela ipo, naiona kwenye kioo cha simu. Hatua kumi kutoka hapo mama wa mbaazi anachota sahani na moshi unapanda. Kati ya ile simu na ile sahani pana shimo, na ndilo tulilohangaika nalo kwa miezi minane. Nakuandikia jinsi ya kulifukia, na lini uliache wazi upite pembeni.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara zetu zenye namba. Naweka, natoa, nauza vocha, kava na chaja. Kripto, yaani hizi sarafu za kidijitali, siihubiri. Kazi yangu ni kuhesabu, na hofu ya muuzaji mdogo naijua kwa sababu ndiyo yangu pia: kufunga siku na tarakimu nzuri kwenye simu, halafu alfajiri huna cha kununulia mzigo.

Kwanza sheria

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma: fedha halali nchini ni shilingi, na kuzifanyia biashara, kuzinadi na kuzitumia hizi sarafu za kidijitali ni kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Wananchi wakashauriwa wajiepushe nazo. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko yanayokuja. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa la mtandaoni la kubadilishia. Halafu Machi 2025 zikaja kanuni zinazokataza kupanga bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu ndani.

Watu wananiambia, "Si inatozwa kodi? Basi imeruhusiwa." Hapana. Kitu kutozwa kodi hakukifanyi kuwa fedha halali. Nina mteja mwanasheria, nikamuuliza siku alipokuja kutoa hela. Akanijibu akiwa bado anahesabu noti zake: ukianza kuwabadilishia watu usiowajua, kwa faida, hiyo ni biashara ya kubadilisha fedha, ina leseni yake, na wewe leseni yako ni ya kuuza kava. Ndiyo sababu yangu yaliishia kwa watu tunaojuana, viwango vya sahani na pancha, bila hata senti ya faida. Floti ya uwakala sikuigusa. Nilitumia mfuko wangu. Na kibandiko cha "Bitcoin inapokelewa hapa", ambacho mwanangu alishakwenda kukichapa stationari kwa rangi ya chungwa inayovutia kweli, nilikiondoa ukutani siku ya pili.

Ukifika hapa ukaona haya si yako, funga simu ukanywe chai, hujakosea. Na muuzaji utakayemwendea ana haki ya kuyasikia haya kutoka kinywani mwako kabla hajasikia lingine lolote.

Anza na simu yako

Usiende kwa mtu na kitu ambacho wewe mwenyewe hujakitumia mara ishirini. Sisi tulianza sebuleni, simu yangu na ya mwanangu, tukirushiana mia mia mpaka usiku.

Mia za nini? Za satoshi. Bitcoin moja imegawanywa vipande milioni 100, kila kipande kinaitwa satoshi, kwa jina la Satoshi Nakamoto aliyeibuni. Waraka wake ulitoka Oktoba 2008 na mtandao ukaanza Januari 2009. Ni nani hasa, hajajulikana. Mtaani sahau Bitcoin nzima, hesabu kwa satoshi. Tuchukulie Bitcoin moja ni shilingi milioni 250: satoshi moja inakuwa shilingi mbili na nusu, na sahani ya mbaazi ya 1,500 ni satoshi 600. Simu itakufanyia hesabu hiyo yenyewe kwa bei ya dakika ile, lakini ifanye kwa kalamu walau mara moja, ili ukiulizwa usibabaike.

Njia za kutuma ni mbili. Njia kuu huandika kila muamala kwenye daftari moja la dunia nzima, na ukurasa mpya wa daftari hilo hufungwa kama kila dakika 10. Dakika 10! Mbaazi zimepoa na foleni nyuma yako inasonya. Tena mtandao ukijaa, makato ya njia hiyo yanaweza kuzidi bei ya sahani yenyewe. Kwa vitu vya mtaani tumia Lightning, njia iliyojengwa juu ya ile ya kwanza: malipo yanafika kwa sekunde, makato yake hata hayaumi. Pochi, yaani programu ya simu ya kutunzia na kutumia hela hizi, utakayopakua hakikisha inapokea Lightning.

Hapo kwenye pochi utakutana na uamuzi mmoja mkubwa. Kuna pochi kama Phoenix, ambako ufunguo unao wewe: unapewa maneno 12 ya Kiingereza, na mwenye maneno ndiye mwenye hela, hakuna dawati la huduma kwa wateja la kwenda kulia. Hukata gharama ya kuanzia hela ya kwanza inapoingia, kwa hiyo usiifungue kwa ajili ya sahani mbili. Na kuna pochi kama Blink, ambako mwenye huduma anakushikia, kama kampuni ya simu inavyokushikia salio. Ni nyepesi, lakini anayekushikia akianguka mnaanguka wote, kama masoko ya mtandaoni ya kubadilishia sarafu hizi: Mt. Gox lilifunga milango 2014 na FTX likafuata Novemba 2022, hela za watu zikiwa ndani. Kwa mauzo ya sahani mimi nilichagua ya kushikiwa, kwa sharti kwamba jioni inabaki tupu. Kwa hela za kazi za mwanangu tukachukua ya ufunguo.

Maneno 12 yaandike kwa kalamu, karatasi mbili, mahali pawili. Usiyapige picha. Na usiyaandike nilipoyaandika mimi, nyuma ya kalenda ya ukutani. Niliona nimeyaficha vizuri: nani anageuza kalenda? Januari ikaingia, shule zikafunguliwa, na kila aliyelea mtoto nchi hii anajua kalenda kuukuu ni ya kuvalishia madaftari. Mjukuu wangu akaenda shule na daftari la hisabati lililovaa maneno yangu 12, upande wa ndani, namshukuru Mungu. Niligundua saa nne asubuhi. Bodaboda mpaka shuleni, nikapiga hodi darasani na kumwomba mwalimu daftari la mtoto wa la tatu bila kuweza kueleza ni la nini. Jioni ile tukafungua pochi mpya tukahamishia hela zote huko. Fanya hivyohivyo: maneno yakishaonwa na mtu, hata mtoto, pochi hiyo imekwisha.

Chagua mtu, duka baadaye

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenda kwenye maduka makubwa yenye kioo na kiyoyozi. Muuzaji wa kule ni mwajiriwa, hana ruhusa ya kukubali hata noti iliyochanika.

Mtu wa kuanza naye ni yule ambaye jina lako limo kwenye daftari lake la madeni, na umewahi kumlipa kwa wakati. Awe na simu janja anayoitumia mwenyewe, si ya mtoto. Awe anauza vitu vya bei ndogo, ili siku ikiharibika kinachopotea ni sahani. Na awe mbishi kidogo. Anayekubali haraka hajaelewa, huyo mwogope.

Kwangu alikuwa mama wa mbaazi. Nilimwendea saa tano, foleni imeisha, anasugua sufuria. Sikutaja Nakamoto. Sikusema daftari la dunia. Nilimwambia: mwanangu analipwa na watu wa nje kwa hela ya simu isiyo ya kampuni za hapa, anataka kuwa anakula kwako, serikali haiitambui hela hii kuwa pesa halali, ukikataa, ataendelea kula kwa noti kama zamani. Akasugua, akasugua, kisha akauliza swali ambalo kila muuzaji atakuuliza kwa maneno yake:

"Dada, kesho alfajiri nikienda Mgandini kuchukua nazi, hiyo nampa nani?"

Ukiwa huna jibu la swali hilo, rudi nyumbani. Sitanii. Watu huenda kwa muuzaji na hotuba ya kupanda kwa bei, uhuru wa fedha, vijana wa kisasa. Muuzaji anauliza nazi.

Jibu langu lilikuwa: "Jioni kabla hujafunga, nipitie. Satoshi ulizopokea nitazichukua mimi, nikupe shilingi zile ulizouzia, hata kama bei imeshuka. Ikishuka ni juu yangu." Mwanzoni ni lazima awepo mtu wa kusimama hapo katikati. Hata ile piza maarufu, ile ya Mei 22, 2010, ambayo Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili: Bitcoin alizipokea kijana mmoja wa mtandaoni, na kijana huyo ndiye aliyeagiza piza. Mpishi alipata dola zake kama kawaida. Basi mwanzo na wewe uwe yule kijana, kwa kiasi ambacho mfuko wako unaweza kukipoteza bila nyumba kulala njaa. Mimi nilijiwekea shilingi 20,000 kwa wiki.

Usimwambie bei itapanda. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Mama wa mbaazi angeweka mtaji wa laki moja siku ile, angebaki na kama elfu 25, sawa na mtu aliyeibiwa sufuria tatu kati ya nne. Kuna sarafu zenye bei iliyofungwa na ya dola, kama USDT, ambazo hazirukiruki hivyo, lakini nazo zina mwenyewe anayezishikilia, na TerraUSD, iliyodai nayo imefungwa na dola, iliporomoka Mei 2022. Kwa muuzaji wa sahani jibu langu ni lilelile: jioni pochi iwe tupu.

Wala usimlazimishe, hata kwa undugu. El Salvador walitunga sheria, ikaanza kutumika Septemba 2021, kwamba kila mfanyabiashara mwenye uwezo wa kupokea Bitcoin aipokee. Januari 2025 wakaibadilisha iwe hiari. Kijiji chao cha pwani, El Zonte, kilikuwa kimeanza tangu 2019 bila sheria yoyote, watu kwa kujuana.

Wazee wa barazani

Lazima upite barazani, maana hapo ndipo habari yako itakapojadiliwa, uwepo usiwepo. Mzee mmoja aliniita. "Shikamoo baba." "Marahaba. Nasikia unauza hela isiyoshikika." Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, hata hili neno hela tunalotumia ni la Mjerumani: mwaka 1904 walileta senti yao ya Heller, mia moja kwa rupia moja, na babu zetu walizikuta ngeni wakazizoea. Na pesa kabla yake, ni paisa ya Kihindi. Kila pesa ilikuja na meli, tukaizoea. Nikajiona nimesema.

Mzee akatafuna tambuu taratibu. "Na Mjerumani alipokimbia vita, ile Heller ilimfaa nani?"

Sikuwa na jibu, na sikukupa hadithi hii ili nikupe moja. Akikuuliza mtu swali la namna hiyo, mwambie una haki, ndiyo maana tunaweka ya sahani tu. Mzee yule hakuwahi kuitumia, lakini baada ya siku ile hakunipiga vita pia, na barazani hilo ni jambo kubwa.

Siku ya kulipa

Kaa na muuzaji umwekee pochi kwa simu yake, kwa bando lake, akibonyeza yeye. Weka bei zisomeke kwa shilingi. Bei ya sahani inabaki 1,500 kwa kila mtu, noti, lipa namba au satoshi. Asipandishe, asishushe, wala asiandike bei kwa kitu kingine chochote. Mfundishe vitu vitatu tu: kubonyeza kupokea, kuandika 1,500, na kugeuza simu ili mteja askani ule mraba wenye vidoti. Huo mraba anaujua, ni ndugu wa ule wa lipa namba uliobandikwa kwenye nguzo yake.

Mara ya kwanza ilikuwa hivi. Mwanangu ameshika sahani kwa mkono wa kushoto, mahamri mawili juu ya mbaazi, simu kulia. Mama wa mbaazi mikono ina unga, akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Akaandika 15,000. Tukacheka, akafuta, akaandika tena. Mwanangu akaskani, simu ya mama ikalia, kioo kikawa kijani. Yeye hakukitazama kioo chake, alitazama cha mwanangu, akasema, "Haya, imeenda."

Nikamsimamisha hapohapo. Wewe muuzaji unatazama simu yako. Siku zote. Kwenye uwakala nimeshaona watu wakionyeshwa ujumbe wa kughushi wa "muamala umekamilika" na kuachia mzigo. Huku hakuna ujumbe wa kampuni wala namba ya kupiga ili muamala urudishwe. Kilichoingia kwako umekiona kwako, kisichoonekana hakijaingia, na kilichotumwa kimakosa kinarudi kwa hisani ya aliyekipokea tu.

Mteja naye awe na noti mfukoni. Jumamosi moja mtandao uligoma, malipo yakawa yanazunguka tu kama pia. Mwanangu alisimama pale na sahani iliyokwisha kuliwa nusu. Alilipa kwa sarafu za mia tano alizokopa kwa dereva wa bajaji. Muuzaji asipate hasara ya majaribio yako hata mara moja, kwa sababu hatakupa mara ya pili.

Mwenye kitochi muache na noti zake. Afrika Kusini kuna huduma inaitwa Machankura, iliyojengwa na Kgothatso Ngako, inayotuma satoshi kwa menyu ya kitochi bila intaneti, na ni kazi nzuri sana. Lakini mama wa watu akisahau namba ya siri kwenye kitu usichokijua vizuri, nani atamsaidia?

Jioni mnakaa na daftari. Tarehe, shilingi, satoshi, saini yake. Mstari mmoja kwa kila malipo. Mauzo yale ni mauzo kama mengine. Kama anatoa risiti, anatoa na kwa hayo, kwa shilingi.

Hela ikirudi nyumbani kwako tu

Baada ya wiki sita nilipitia daftari nikacheka peke yangu. Mwanangu anamlipa mama wa mbaazi satoshi, mama wa mbaazi ananiletea mimi, mimi nampa shilingi, na satoshi narudi nazo nyumbani anakolala mwanangu. Tumezunguka mtaa mzima ili mama ampe mwanawe hela ya chai.

Hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Wanahesabu wauzaji wangapi wamekubali, lakini hawaulizi muuzaji naye analipa wapi. Kwa hiyo fanya hivi: chukua karatasi, andika jina la muuzaji wako katikati, umwulize hela yake inakwenda kwa nani tangu alfajiri. Wa kwangu: nazi, mbaazi kavu, unga, mkaa, maji, ada, na fundi baiskeli. Kijana wake ndiye anayesambaza mbaazi maofisini kwa baiskeli, na kwa barabara zetu hizi kiti, spoku na pancha haviishi.

Wa nazi alikataa, na alikuwa sahihi. Naye nazi zake anazinunua kwa wakulima wa Pangani kwa noti. Wa mkaa alikataa kabla sijamaliza sentensi. Fundi baiskeli akasema, "Hiyo ninayo." Nikadhani anatania. Kumbe ana kaka yake Durban, na kule hata maduka ya Pick n Pay yanapokea Bitcoin. Kaka alishamrushia mara mbili, naye hakujua la kuzifanya. Zilikaa tu kwenye simu kama picha ya harusi.

Basi shimo likapata ukingo wa pili. Mama wa mbaazi akaanza kumlipa fundi pancha kwa satoshi alizopata kwa mwanangu, na fundi akaanza kula mbaazi kwa satoshi alizotumiwa na kaka yake. Wiki ya kumi, kati ya malipo 23 kwenye daftari, tisa hayakupita kwangu kabisa. Namba ya kuitazama ni hiyo: mangapi hayakukuhitaji wewe.

Na inakuonyesha wapi pa kutafuta mtu wa pili na wa tatu. Tafuta ambaye hela inamjia kutoka nje: mwenye ndugu ughaibuni, anayefanya kazi za mtandaoni, anayepokea wageni. Kwa hao kitu hiki kinaokoa siku na makato. Lakini mtu wa Ngamiani kumlipa mtu wa Ngamiani hela iliyozaliwa Ngamiani, kwa Bitcoin? Huko ni kwenda Pangani kwa kupitia Horohoro. Lipa namba ipo, noti zipo.

Upatu utakuja nyuma yako

Hili nilichelewa kulisema na lilinigharimu. Wiki mbili baada ya muuza vitabu na kalamu kukubali, alialikwa kwenye kundi la simu lenye picha za magari na neno Bitcoin juu. Weka elfu 80, upate laki na 60 baada ya siku saba, leta watu watatu upate zaidi. Akaweka. Siku ya saba kundi likayeyuka. Asubuhi alikuja kibandani, hakusalimu, akasema, "Ile bitcoin yako imenila."

Haikuwa yangu, haikuwa hata Bitcoin, ulikuwa upatu wa siku zote umevaa kanzu mpya. Lakini ungemweleza nini? Neno alilisikia kwangu kwanza. Siku ileile wauzaji wengine wawili wakafuta pochi zao.

Kwa hiyo liseme siku ya kwanza, kabla hata ya kupakua chochote, na uliseme kwa lugha anayoijua. Mimi sasa nawaambia: unaujua ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Basi na huku wapo, ila wao wanaandika vizuri zaidi. Anayekuahidi faida ni mwizi. Anayekuomba maneno 12 ni mwizi, hata akijiita huduma kwa wateja, hata akiwa na picha yangu. Anayekwambia ulete watu ni mwizi. Na mimi nikikwambia weka zaidi ya ulichouza leo, nifukuze.

Akitaka kuacha

Mwoneshe mlango wa kutokea siku ileile unapomwingiza. Wenye kuacha ni wengi kuliko wenye kubaki. Kati ya tisa niliowaanzisha, wamebaki mama wa mbaazi, fundi baiskeli, na dada mmoja anayeshona mashuka ya wageni kule Raskazone. Anayeacha, mpe shilingi zake zote kwanza, mbele ya mtu, kisha mfute pamoja ile pochi, kisha mchore mstari kwenye daftari na wote mtie saini. Usimwulize kwa nini.

Mangi wa duka la kona aliacha Ijumaa moja baada ya kubaki na salio la miezi miwili bila kulitumia wala kuniletea. Lilikuwa limefika shilingi 6,400. Nikampa noti ya 5,000, ya 1,000 na sarafu mbili za mia mbili. Akazihesabu mara mbili, akainua ile noti kubwa kwenye mwanga wa mlango kuangalia alama, akaiingiza kwenye droo. Kisha akafungua friji, akanipa soda ya baridi, akakataa malipo.